Jinsi ya Kuandaa Mkutano wa Wajumbe Nakuru: Mwongozo kwa Chama Kidogo Kinachoteua Mgombea Urais

Chama kidogo kikitangaza kwamba kitasimamisha mgombea urais, swali la kwanza ndani ya matatu na vibandani huwa moja: "Na hawa nao watapata kura ngapi?" Swali hilo lina jibu zuri. Katika uchaguzi wa 9 Agosti 2022, William Ruto alipata kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49. Katiba inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Piga hesabu utaona kwamba alivuka ile nusu kwa kura zisizofika 70,000. Lau wafuasi wake wapatao 70,000 wangeipigia kura Roots au Agano, vyama viwili vidogo vilivyokuwa kwenye karatasi siku ile, Wakenya wangerudi debeni ndani ya siku 30.

Kwa hiyo uteuzi wa chama kidogo si mchezo wa kuigiza. Unastahili kufanywa kwa uangalifu ule ule wa vyama vyenye helikopta. Mwongozo huu ni wa katibu mkuu, katibu mwandalizi, au yule kijana wa tawi aliyekabidhiwa faili na kuambiwa "panga mkutano". Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na muda unakwenda.

1. Fungueni katiba ya chama kabla ya kuulizia ukumbi

Humo ndimo mtakamojua nani ana mamlaka ya kumteua mgombea urais, mjumbe ni nani, kila kaunti inaleta wajumbe wangapi, notisi ni ya siku ngapi na akidi ni watu wangapi. Vyama vingi vidogo viliandika katiba kwa haraka ili vipate cheti cha usajili, kisha ikafungiwa kabatini. Sasa itoeni muisome kifungu kwa kifungu, kwa sauti, kamati yote ikiwa imeketi. Ikiwa akidi inataka wajumbe kutoka kaunti 24, basi hata mkijaza ukumbi pomoni kwa watu wa Njoro, Molo na Bahati, hamjafanya uteuzi. Mmefanya harambee.

Sheria ya Vyama vya Siasa, tangu irekebishwe mwaka 2022, inatambua njia mbili za uteuzi. Ya kwanza ni ya moja kwa moja, ambapo kila mwanachama aliyesajiliwa anapiga kura. Ya pili si ya moja kwa moja, na mkutano wa wajumbe uko katika kundi hili. Kwa chama kidogo nashauri wajumbe, bila kusita. Kura ya wanachama wote inahitaji vituo, makarani na masanduku kila pembe ya nchi, na chama kisicho na pesa kikijaribu hilo huishia na matokeo ya kaunti chache na ugomvi wa kaunti nyingi.

Ila amueni mapema, muandike, na kila mwenye nia ya kugombea atie saini kwamba amekubali njia hiyo. Wazee wa Nyanza na Magharibi hawajasahau yaliyoikuta FORD mwaka 1992. Upande wa Jaramogi Oginga Odinga ulitaka wajumbe, upande wa Kenneth Matiba ukataka kura ya wanachama wote, na chama kilichokuwa kimeitikisa KANU, chama tawala cha wakati huo, kikapasuka kikawa Ford-Kenya na Ford-Asili. Desemba mwaka huo Daniel arap Moi akashinda kwa kura zilizozidi kidogo thuluthi moja. Bila shaka ubabe wa watu ulikuwepo, lakini mgogoro ulipata mlango kupitia swali la utaratibu ambalo halikuwa limejibiwa.

Kanuni za uteuzi hupelekwa kwa Tume ya Uchaguzi, IEBC, angalau miezi sita kabla ya uteuzi wenyewe. Kama bado mnabishana juu ya kanuni wakati mabango yameshachapishwa, mmechelewa.

2. Sajili ya wanachama

Ili kisajiliwe kikamilifu, chama kilitakiwa kuwa na wanachama wasiopungua 1,000 ambao ni wapiga kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti 47. Majina yapo, basi, angalau kwenye karatasi. Lakini mwaka 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye mfumo wa Msajili wa Vyama wakakuta wameandikishwa kwenye vyama wasivyovijua, na hasira zao zilikuwa za haki kabisa. Isije ikawa sajili yenu imejaa watu wa namna hiyo.

Ombeni nakala iliyoidhinishwa na Msajili. Kila anayependekezwa kuwa mjumbe aingie eCitizen mwenyewe ahakikishe jina lake liko kwenu na haliko kwingine, maana sheria haimruhusu mtu kuwa katika vyama viwili. Aliyewahi kujiunga na chama kingine ajiuzulu rasmi kwanza, kisha asajiliwe upya. Mjumbe ambaye haonekani kwenye sajili ni zawadi kwa wakili wa atakayeshindwa.

3. Wapimeni wanaotaka tiketi kabla hawajapanda jukwaani

Mgombea urais sharti awe raia wa kuzaliwa, awe na sifa za kugombea ubunge, asiwe mtumishi wa umma, na awe na digrii ya chuo kikuu kinachotambuliwa nchini. Mwaka 2022 Safina ilimteua Jimi Wanjigi, lakini IEBC haikumwidhinisha, na suala la cheti cha digrii lilikuwa miongoni mwa sababu. Hilo ni jambo la kulishughulikia ofisini miezi kadhaa mapema. Mwambieni kila mwenye nia alete cheti chenyewe, si barua ya kwamba atahitimu, wala picha ya simu. Mfanyeni hivyo hivyo anayetarajiwa kuwa mgombea mwenza, kwa kuwa masharti yake ni yale yale.

Ada ya chama ya kugombea iwe ndogo. IEBC yenyewe mwaka 2022 ilitoza 200,000 kwa mgombea urais, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Chama kidogo kinachowatoza watu wake zaidi ya hapo kimeshaamua kwamba tiketi ni ya mwenye pesa.

4. Tarehe

Subirini kalenda ya IEBC kwenye Gazeti Rasmi, halafu pangeni siku yenu wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho ili pabaki nafasi ya rufaa. Mwaka 2022 mchujo wa vyama ulitakiwa kumalizika Aprili. Kama kuna mazungumzo ya kuungana na wengine, kumbukeni kwamba mkataba wa chama cha muungano huwasilishwa kwa Msajili angalau miezi minne kabla ya uchaguzi. Msiwaite wajumbe kumteua mtu ambaye jina lake mmeshaliweka mezani kwa wenzenu kama cha kubadilishana. Wajumbe watajua, na hawatarudi.

5. Kwa nini Nakuru, na ukumbi gani

Nakuru iko kama kilomita 160 kutoka Nairobi na kama 180 kutoka Kisumu. Mjumbe wa Busia au Migori anafika bila kulala njiani, wa Kitui anabadilisha gari Nairobi tu, na wa Turkana anashukia Kitale kisha Eldoret. Wa Mombasa, Kwale na Mandera ndio wenye safari ndefu, kwa hiyo fedha za malazi ziwaendee hao kwanza. Kisumu nayo ni nzuri, na Chuo cha Tom Mboya kimezoea mikutano ya namna hii, lakini chama kinachotaka sura ya kitaifa kikikutana Kisumu kitaitwa cha ziwani hata kabla wimbo wa taifa haujaisha. Ni dhuluma, lakini ndiyo siasa yetu ilivyo.

Tuseme kila kaunti kati ya 24 inaleta wajumbe 10, na maafisa wa kitaifa wanaongezeka. Hao hawafiki 300. Msikodi uwanja wa Afraha! Watu 300 kwenye uwanja huonekana kama waliokosa basi, na picha hiyo ndiyo itakayosambazwa. Tafuteni ukumbi wa jamii, wa kanisa au wa chuo wenye mlango mmoja mkubwa wa kuingilia, milango ya dharura inayofunguka, njia ya kiti cha magurudumu na choo kinachofanya kazi. Lipeni kwa risiti, na wekeni maanani kwamba kumbi za kaunti hufutwa dakika za mwisho mkubwa fulani anapozihitaji. Kuna chama nilichokisaidia ambacho kiliambiwa usiku wa kuamkia mkutano kwamba ukumbi "una ukarabati". Kilichokiokoa ni ukumbi wa pili uliokuwa umelipiwa arubuni.

Mkutano wa ndani wa wajumbe si mkutano wa hadhara. Hata hivyo mwandikieni mkuu wa kituo cha polisi, nakala ipigwe muhuri, ibaki mfukoni mwa katibu. Na ikiwa mteule atatoka nje kuhutubia wananchi, hapo sheria inataka notisi isiyopungua siku 3 wala kuzidi siku 14.

Nauli itumwe na chama chenyewe kwa M-Pesa, moja kwa moja kwa mjumbe; isipitie kwa mwenyekiti wa kaunti wala isitumwe na mgombea. Hili nalisisitiza. Mjumbe aliyeletwa na gari la mgombea, akalazwa na mgombea na kulishwa na mgombea, ataingia chumba cha kura akiwa na deni. Chama kikikosa nauli, afadhali kipunguze idadi ya wajumbe mapema kwa mujibu wa katiba yake kuliko kuwaacha wenye pesa wawasafirishe.

6. Meza ya mlangoni

Hapa ndipo mkutano unapoamuliwa. Jukwaani ni nyimbo na hotuba, lakini atakayeshika tiketi hujulikana kwa nani ameingia na nani amezuiwa nje.

Orodha ya wajumbe ifungwe siku 14 kabla, ichapishwe, ipelekwe kila tawi, na kila mgombea apewe nakala. Pingamizi zisikilizwe kwa siku chache kisha orodha ifungwe kabisa. Baada ya hapo hakuna jina linaloongezwa kwa kalamu. Mara nyingi utakuta kaunti moja ina orodha mbili, kila moja imetiwa saini na mtu anayejiita mwenyekiti halali. Kanuni iandikwe mapema: mwenyekiti ni yule ambaye jina lake liko kwa Msajili wa Vyama siku orodha inapofungwa. Msilete mambo ya kugawana viti nusu kwa nusu pale mlangoni. Mkifanya hivyo kwa kaunti moja, kaunti nyingine tano zitapata orodha ya pili kabla ya saa nne.

Asubuhi ya siku yenyewe makarani wawe wamekaa saa kumi na mbili. Nakuru hupiga baridi saa hizo, na wajumbe waliosafiri usiku watakuwa wamejikunja ukutani na mashuka yao. Chai na mandazi ziwe tayari nje, kabla ya usajili. Mtu aliyekunywa chai ya moto hubishana kwa sauti ya chini.

Pangeni meza nne au tano kwa kanda, na kila meza iwe na watu watatu. Wa kwanza anapokea kitambulisho cha taifa mkononi, anamtazama mtu usoni, kisha anasoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja. Wa pili ana orodha na rula. Anaiweka rula chini ya mstari wa jina, anazifuata namba zinazosomwa, zikilingana zote anaweka tiki na mjumbe anatia saini hapo hapo. Wa tatu anapaka wino kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto na kutoa beji yenye namba ile ile iliyo kwenye orodha. Nyuma yao wameketi mawakala wa wagombea, kila mmoja na nakala yake, wakiweka tiki zao wenyewe. Ikifika saa ya kufunga, namba ya mwisho kwa karani na kwa mawakala wote iwe moja. Isipokuwa moja, mkutano usianze mpaka ijulikane tofauti imetoka wapi.

Asiye na kitambulisho hapigi kura, hata kama ni mama aliyeanzisha tawi kwa mikono yake. Inauma, na anastahili kiti cha mbele kama mgeni wa heshima, lakini mlango ukimfungukia yeye utawafungukia wajumbe hewa wote waliopakiwa kwenye basi lililoegeshwa kituo cha mafuta.

Walinzi wawe wa kukodiwa au wanachama wa kaunti ambazo hazina mgombea. Vijana wa mgombea yeyote wasikaribie mlango.

7. Mwenendo wa mkutano

Sala, wimbo wa taifa, katibu anatangaza akidi kwa idadi na kwa kaunti, ajenda inapitishwa. Wapeni wagombea dakika zinazolingana na mwenye saa awe na kengele. Nashauri pia maswali ya wajumbe, hata matano tu yaliyoteuliwa kwa kura ya karatasi kofiani. Ukiwa na chama kidogo una nafasi ambayo vyama vikubwa vimeipoteza: mkulima wa viazi wa Molo anaweza kumuuliza mgombea urais ana kwa ana atafanya nini kuhusu bei ya mbolea, na akajibiwa mbele ya wote.

Kama mgombea ni mmoja, bado wekeni azimio, lipendekezwe, liungwe mkono na lipigiwe kura. Kelele za "ndiyooo" zifuatwe na hesabu. Kama ni wawili au zaidi, iwe kura ya siri.

Sanduku liwe la plastiki inayoonyesha ndani. Kabla ya kura, msimamizi alipindue juu chini mbele ya ukumbi, alitikise, kisha alifunge kwa lakiri na asome namba yake ili kila wakala aiandike. Kaunti ziitwe moja moja kwa alfabeti, mjumbe aonyeshe beji, apewe karatasi moja yenye muhuri, aingie kwenye kibanda na simu yake ikiwa imebaki kwa karani. Simu ndiyo risiti ya siku hizi ya aliyenunua kura: akikosa picha, hana uhakika alichonunua.

Kuhesabu kufanyike pale pale. Msimamizi ainue kila karatasi juu, aitaje, aigeuze kwa mawakala, kisha aiweke kwenye fungu lake. Zilizoharibika ziwe na fungu lao. Jumla ya mafungu yote ilingane na karatasi zilizotolewa. Mawakala watie saini fomu, na fomu ibandikwe ukutani kabla ya mtu yeyote kubebwa mabegani.

8. Aliyeshindwa

Mpeni kipaza sauti wa kwanza, kabla ya mshindi. Chama kidogo hakina watu wa kupoteza, na mara nyingi aliyeshindwa ndiye mwenye kaunti saba au nane mtakazozihitaji wiki ijayo. Mwenyekiti akae naye usiku ule ule, kwa chakula na bila kamera.

Akitaka kupinga, asizuiwe. Jopo la rufaa la chama liwe limeundwa kabla ya mkutano, na watu wake wasiwe wapiga kampeni wa yeyote. Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa litauliza kwanza kama mlijaribu kumalizana nyumbani. Karatasi za kura, orodha zenye saini na kumbukumbu za mkutano zifungiwe sandukuni mpaka muda wa rufaa uishe.

9. Mgombea mwenza

Wajumbe wasitawanyike bila kujua atachaguliwa vipi. Kama katiba ya chama inamwachia mteule, azimio liseme hivyo na liweke siku ya mwisho. IEBC huweka tarehe yake: mwaka 2022 ilikuwa 16 Mei.

10. Saini

Wengi hudhani wamemaliza wakishateua. Katiba inataka mgombea urais aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani saini 48,000 katika kaunti 24. Hapo ndipo wagombea wengi wadogo walipokwama mwaka 2022, na mwishowe ni wanne tu waliofika kwenye karatasi ya kura.

Kwa hiyo mjumbe asiondoke Nakuru mikono mitupu. Beji yake ikirudishwa apewe bahasha yenye fomu, kalamu na maelekezo ya ukurasa mmoja. Anayesaini awe mpiga kura wa kaunti ile na mwanachama wa chama, aandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, na asaini mwenyewe. Asisainiwe na mumewe, mwanawe wala chifu. Namba za vitambulisho ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo fomu zisipigwe picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp ili kuonyesha bidii.

Lengeni kaunti 30, si 24, na saini 3,000 kwa kila kaunti, kwa sababu nyingine zitakataliwa: mtu amesaini mara mbili, namba haisomeki, au ni mpiga kura wa kaunti jirani. Anayeishi Kisumu aliyejiandikisha kupiga kura Vihiga anahesabiwa Vihiga, na mpakani hapo makosa haya ni mengi mno. Fomu zirudi makao makuu kila Ijumaa, ziingizwe kwenye kompyuta siku hiyo hiyo kwa sababu IEBC huzitaka pia kielektroniki, na kila kaunti iwe na boksi lake. Kaunti iliyosimama kwenye saini safi 1,960 bado ni sufuri. Ipigieni simu, tumeni mtu na fomu mpya kwa gari la usiku, na msiihesabu mpaka boksi lipite 2,000.